Kingo za Picha: Kukata na Kuweka Picha za Kumulikwa Jukwaani, Kutoka Taa ya Kioo hadi Kompyuta, Tarime na Serengeti

Utangulizi

Wahakiki wetu wa sanaa za maonyesho wamezoea kuuliza maswali yaleyale. Dhamira ni zipi? Wahusika wamechorwaje? Mwandishi anasimama na tabaka gani? Ni maswali mazuri, na mimi mwenyewe nimefundishwa kuyauliza tangu sekondari. Lakini siku hizi jukwaani kuna mhusika mmoja tusiyemzoea. Hasemi, hachezi, haingii wala hatoki kama waigizaji wengine. Huyu ni picha inayomulikwa kwa projekta juu ya ukuta, pazia au shuka nyuma ya waigizaji. Tukimwona tunaandika kwamba “mandhari ilipendeza”, halafu tunapita zetu.

Makala haya yanadai kuwa picha ya namna hiyo ni matini, na kama matini nyingine yoyote ina mtunzi. Mtunzi huyo hufanya kazi yake kubwa katika mambo mawili: anaamua kingo za picha zikatwe wapi, na anaamua picha yenyewe ikae wapi jukwaani. Zamani mambo hayo yalifanywa kwa mkasi na karatasi nyeusi. Leo yanafanywa kwa programu ya kompyuta ya kuendeshea onyesho. Nia yangu ni kufuata historia ya kazi hiyo kwa kutazama zaidi wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ambako nilizaliwa. Itanibidi nitoke nje ya Mara mara kadhaa kwa sababu vifaa vyenyewe vilitoka nje. Mwishoni nitaeleza kwa nini kwetu suala hili si la urembo wa jukwaa, bali ni la usalama wa watoto wa watu.

Duara na mstatili

Tuanze na maonyesho yasiyo na kingo. Ngoma ya Wakuria huchezwa uwanjani. Litungu, chombo chenye nyuzi nane, linalia. Wachezaji wako kati, watu wamezunguka. Aliye nyuma akitaka kuona anapenya. Mama aliyesisimka anaingia na kigelegele chake, na tangu hapo naye ni sehemu ya onyesho. Hakuna anayeweza kusema onyesho linaishia hapa na watazamaji wanaanzia pale. Kwa Waikoma, Wanata, Waishenyi na Wangoreme, upande wa Serengeti, hali ni hiyohiyo. Umbo la maonyesho ya asili ya sehemu hizi ni duara, na duara hupanuka watu wakiongezeka.

Mstatili ni mgeni. Tena naona kuwa kwetu haukuja kwanza kama picha, bali kama ramani. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari wa mpaka kutoka mlango wa mto Umba, pwani, hadi ukingo wa mashariki wa ziwa Victoria kwenye digrii 1 kusini mwa ikweta. Ukiacha ule mzunguko wa kaskazini mwa Kilimanjaro, mstari umenyooka kama uliochorwa kwa rula, na kweli ulichorwa kwa rula. Waliouchora hawakuwahi kuona Tarime. Mstari ukapita katikati ya Wakuria, na mpaka leo wako Wakuria wa Tanzania na Wakuria wa Kenya, ndugu wa koo moja. Huu ni ukataji wa kingo kwa maana kamili: mtu aliye mbali anaweka makali juu ya karatasi, na watu walio ndani ya karatasi wanagawanyika.

Natoa mfano huu mapema ili msomaji asidhani kuwa kukata picha ni kazi ndogo ya fundi mitambo.

Kioo na karatasi nyeusi

Chombo cha kwanza cha kumulika picha kilichoenea duniani ni taa ya kioo, ambayo Wazungu waliiita taa ya uchawi. Mholanzi Christiaan Huygens aliibuni mnamo mwaka 1659. Picha ilichorwa juu ya kioo, na baadaye ikawa inapigwa na kamera. Taa ikawekwa nyuma ya kioo, lenzi mbele, na picha ikatokea kubwa ukutani.

Katika karne ya 19 vioo hivyo vilikuwa na vipimo maalumu. Kile cha Kiingereza kilikuwa na upande wa inchi tatu na robo. Aliyetengeneza slaidi alikuwa na vioo viwili: kimoja chenye picha, kingine cha kuilinda. Katikati yake aliweka karatasi nyeusi yenye tundu, mara la mraba, mara la duara. Kilichokuwa ndani ya tundu kilionekana. Kilichokuwa chini ya karatasi nyeusi kilizama gizani.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana ndipo lilipo jambo la msingi. Karatasi ile haikukata picha, iliifunika tu. Mtu yeyote anayeshika slaidi ya zamani anaweza kubandua utepe wa pembeni, akaondoa karatasi, akamkuta mpagazi aliyefichwa, au mkono wa askari, au nyumba ambayo mpiga picha hakutaka tuione. Kilichofunikwa hakikufa. Jambo hili tutalirudia tutakapofika kwenye kompyuta.

Kuhusu kuweka picha mahali pake, mfano maarufu unatoka kwa David Livingstone. Januari 1854 alikuwa kwa mtemi Shinte wa Walunda. Akamulika picha ya Ibrahimu akiwa ameinua kisu kumchinja Isaka. Kwa maelezo yake mwenyewe, wanawake walitazama kwa utulivu hadi aliposogeza slaidi ili kuitoa. Kisu kikaonekana kinawajia wao. Wakapiga mayowe, wakatimua mbio.

Wasomaji wengi wa kisa hiki wamecheka kwamba washamba waliogopa kivuli. Mimi nasoma tofauti. Kwanza, msimulizi ni mwenye taa, na hatuna maelezo ya hata mmoja wa wale wanawake. Pili, wanawake wale walikuwa wahakiki wazuri. Waliona kwamba picha ikisogezwa maana yake inabadilika. Kisu kilicho juu ya Isaka ni hadithi ya Biblia. Kisu kilekile kikija upande wangu ni habari nyingine. Picha haikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni mahali pake. Fundi wa leo anayebonyeza kitufe kusogeza picha kushoto au kulia anafanya lilelile.

Gari la sinema

Katika Tanganyika, serikali ya kikoloni na wafadhili walianza mapema kujaribu sinema kama chombo cha kufundishia. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa sinema ya elimu kwa Wabantu, makao yake Vugiri, Usambara, chini ya Notcutt na Latham, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza filamu 35, kisha lori likazunguka kuzionyesha Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1939 Uingereza ikaanzisha Kitengo cha Filamu cha Makoloni, ambapo William Sellers, aliyekuwa ameanza kazi hiyo Nigeria, akawa na sauti kubwa.

Sellers na wenzake walikuwa na kanuni zao. Mwafrika, eti, akili yake haiwezi kufuata picha yenye mambo mengi. Kwa hiyo picha iende polepole, isiwe na ujanja wa kamera, na kila kisichohusika kiondolewe ndani ya fremu. Msomaji aone: nadharia nzima ya ubaguzi imeandikwa katika amri ya kupanga kingo.

Mwaka 1961 John Wilson alieleza kisa ambacho baadaye kilipata umaarufu duniani kupitia kitabu cha Marshall McLuhan cha mwaka 1962. Bwana afya alitengeneza filamu ya kufundisha wanakijiji kuondoa maji yaliyotuama ili kuzuia mbu. Baada ya kuonyeshwa wakaulizwa: mmeona nini? Wakajibu: tumeona kuku. Wenye filamu wakashangaa, kwani hawakujua kama kuna kuku. Wakaikagua picha moja baada ya nyingine, na kweli, kwa muda kama sekunde moja kuku aliyeshtuliwa anaruka katika kona ya chini, upande wa kulia.

Wanahistoria wa baadaye, kama James Burns, wametufundisha kuwa na mashaka na hadithi za aina hii, maana zilisimuliwa sana na wakoloni ili kuthibitisha walichokwisha kuamini. Nakubaliana nao. Lakini hata tukiichukua kama ilivyo, hadithi inamshinda msimulizi wake. Katika filamu ile kila kitu kilikuwa kimepangwa: mtu anainama polepole, anaokota kopo polepole, anamwaga maji polepole. Kitu kimoja tu hakikupewa maagizo, nacho ni kuku. Hadhira ikaona kitu pekee kilicho hai. Mwenye kamera alidhani kona si sehemu ya picha. Hadhira, iliyozoea duara, haikuwa na sababu ya kudhani hivyo.

Tukumbuke pia kuwa gari la sinema lilikwenda na msemaji aliyeeleza picha kwa lugha ya wenyeji. Kazi hiyo haikufa na ukoloni. Katika mabanda ya video ya nchi hii, watu kama Lufufu walijipatia jina kwa kutia sauti ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni, wakiongeza waliyotaka na kupunguza waliyotaka. Msemaji ni mtu anayeirudishia hadhira duara lake: fremu inakata, yeye anaunga.

Ndege yenye milia

Sasa turudi Serengeti. Hakuna picha ya kumulikwa iliyoigusa wilaya hii kuliko filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, iliyotoka mwaka 1959, yenye kichwa cha kudai kuwa Serengeti isife. Walihesabu na kupiga picha wanyama kutoka kwenye ndege ndogo iliyopakwa milia ya punda. Michael alikufa katika ndege hiyo Januari 10, 1959, akazikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Mwaka uliofuata filamu ikapata Oscar kama filamu bora ya maisha halisi.

Sina sababu ya kubeza mapenzi ya watu hawa kwa wanyama, wala siwezi kukana kuwa nyumbu wapo leo kwa sehemu kwa sababu dunia iliona filamu ile. Lakini mhakiki anauliza kuhusu kingo. Ukiwa angani, mtu ni nukta. Shamba la mtama ni doa. Njia ya kwenda kisimani haionekani. Tena Grzimek alisema wazi katika maandishi yake kuwa ndani ya hifadhi asiishi mtu yeyote, hata mwenyeji. Hiyo ni kanuni ya kupanga fremu iliyogeuka kuwa kanuni ya kupanga nchi. Hifadhi ilikuwa imetangazwa mwaka 1951. Mwaka 1959 mipaka ikabadilishwa: Wamasai wakaondoka, na Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo lingine.

Na upande wa magharibi, kwetu? Hapo picha ni kama haikuwa na watu kabisa. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, katika utafiti wake aliouchapisha mwaka 2007, ameonyesha kwa masimulizi ya wazee kuwa Waikoma, Wanata, Waishenyi, Waikizu na Wangoreme walikuwa na makazi ya kale, mawindo na mahali patakatifu katika ardhi ambayo leo iko ndani ya hifadhi na mapori ya akiba. Hadithi yao ya asili inasimulia mwindaji wa kiume anayekutana na mwanamke mkulima, wakaanza maisha pamoja. Yaani kwa simulizi ya wenyewe, mbuga na shamba vimeoana tangu mwanzo. Filamu ikakata ndoa hiyo katikati, ikabaki na mbuga peke yake.

Watalii wanapokuja leo wanaikuta picha kabla hawajaiona nchi. Kijiji kikitokea kwenye kona ya kamera yao, wanasogeza kamera. Kijiji kimekuwa yule kuku.

Picha inaingia jukwaani

Wakati magari ya sinema yanazunguka Afrika, Ulaya walikuwa wamekwisha kuiingiza picha ndani ya mchezo wa kuigiza. Erwin Piscator alimulika filamu za vita nyuma ya waigizaji mjini Berlin mwaka 1925, na mwaka 1927 akaendelea kwa nguvu zaidi. Mwaka huohuo Brecht na mchoraji Caspar Neher walitumia michoro ya kumulikwa katika onyesho fupi la Mahagonny. Nia yao ilikuwa picha ibishane na mwigizaji, si kumpamba. Mcheki Josef Svoboda, kwenye maonyesho ya dunia ya Brussels mwaka 1958, akatumia skrini nyingi za maumbo mbalimbali, na hapo mahali pa picha pakawa ndiyo sanaa yenyewe. Slaidi za duara za Kodak, zilizoingia sokoni mwaka 1961, zikaifanya kazi hiyo kuwa rahisi kwa kila ukumbi uliokuwa na umeme na fedha kidogo, hadi kampuni ilipoacha kutengeneza projekta za slaidi mwaka 2004.

Kwetu njia ilikuwa nyingine. Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokwenda Malya, mkoani Mwanza, mapema katika miaka ya 1980, walibeba mazungumzo, ngoma na igizo. Sanaa ya maonyesho kwa maendeleo ilichukua duara la wananchi kuwa jukwaa lake. Wanakijiji walitafiti tatizo lao, wakaliigiza, wakalijadili. Huko hakukuwa na mtu aliyeshika mkasi peke yake. Nalitaja hili kwa sababu vikundi vinavyokuja leo vijijini na projekta vinadai kurithi kazi ile. Urithi huo lazima upimwe.

Programu inavyofanya kazi

Programu za kuendeshea onyesho ni nyingi. Iliyojulikana zaidi katika kumbi ndogo ni QLab ya kampuni ya Figure 53, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2006 kwa ajili ya kompyuta za Mac. Fundi huandika orodha ya maagizo: agizo la 1 sauti ya radi, agizo la 2 picha ya mto, agizo la 3 picha itoweke. Onyesho likianza anabonyeza kitufe kimoja, maagizo yanafuatana.

Kwa kila picha fundi anapata nafasi ya kupanga umbo lake. Anaweza kuiacha ijae jukwaa zima. Akitaka kuipanga mwenyewe, anaandika namba: kiasi cha kusogea kushoto au kulia, juu au chini, ukubwa, kuzunguka. Sifuri na sifuri ni katikati. Kila kitu kinapimwa kwa umbali wake kutoka hapo. Picha ikiwa imepinda kwa sababu projekta imewekwa upande, anavuta kona nne hadi inyooke. Akitaka sehemu fulani isionekane, anaweka picha nyingine ya nyeusi na nyeupe kama kifuniko: penye nyeupe panaonekana, penye nyeusi panazama gizani. Ndiyo ileile karatasi nyeusi ya taa ya kioo! Karne na zaidi zimepita, mkono ni uleule.

Tuchukue hesabu moja ndogo. Watu wengi wa Mugumu na Sirari wanapiga picha kwa simu iliyosimama wima, uwiano wa 9 kwa 16. Shuka ya onyesho imelala, 16 kwa 9. Fundi akiiambia programu iijaze shuka yote, itakayoonekana ni sehemu 81 kati ya 256, yaani chini ya theluthi moja ya picha. Zaidi ya theluthi mbili zinaanguka nje, juu na chini. Kichwa cha mtu kinakwenda, miguu inakwenda, linabaki tumbo. Hakuna aliyekusudia kumkata mtu yule kichwa; ni chaguo lililokuwemo kwenye programu. Lakini kuacha chaguo la programu liamue ni kuamua pia. Akichagua picha yote iingie, pembeni kutabaki giza kushoto na kulia, na wengi wanaliona giza hilo kama ubaya. Mimi naliona kama adabu. Linamwambia mtazamaji: picha hii ilipigwa na mtu aliyesimama mahali pengine, kwa umbo jingine, na hatukumlazimisha.

Tabia ya pili ya programu hizi ni kwamba zikikata haziharibu. Faili la picha linabaki zima. Kilichokatwa kimefichwa kwa namba tu. Ukirudisha namba kuwa sifuri, kila kitu kinarudi. Kwa mwanahistoria hii ni heri. Lakini hapa ndipo mambo yanapogeuka.

Uso wa binti

Tarime na Serengeti ni sehemu ambazo ukeketaji wa wasichana haujakoma. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 inaukataza kwa walio chini ya miaka 18. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa mkoa wa Mara wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 10. Msimu wenyewe mara nyingi ni Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Msimu huohuo vikundi vinazunguka na maigizo, na siku hizi vinabeba jenereta, kompyuta na projekta. Mugumu ina nyumba salama ya wasichana waliokimbia, na maisha ya nyumba hiyo yalipigwa filamu na Giselle Portenier, ikatoka mwaka 2018.

Katika likizo moja nilikwenda kutazama kikundi kimojawapo, ambacho sitakitaja, katika kijiji kimoja wilayani Serengeti. Igizo lilikuwa zuri. Baba anapokea ng'ombe, shangazi anasema “mwanangu, hata mimi nilipita hapo”, binti anatoroka usiku. Alipotoroka, shuka nyuma yake ikaonyesha picha ya binti wa kweli, kuanzia shingoni kwenda chini, sare ya shule na mikono iliyofungana. Uso ulikuwa umekatwa. Watu wakanyamaza kabisa. Nilifikiri: hapa mkasi umefanya kazi ya haki.

Halafu nikageuka. Fundi alikuwa amekaa nyuma ya hadhira, na nyuma yake wamejaa watoto, maana watoto wa kwetu wanapenda kompyuta kuliko igizo. Kwenye kioo cha kompyuta, picha ndogo ya faili lile ilikuwa nzima, na uso wake. Mtoto mmoja akasema kwa sauti ya kawaida tu, “Huyu namjua.” Igizo lilipokwisha, kijana mwingine aliomba picha zile kwenye flashi akazionyeshe shuleni, na akapewa.

Sitaki kulifanya jambo hili kuwa kesi ya kikundi kile. Nalileta kama ushahidi wa hoja yangu. Ukataji usioharibu, ambao kwa picha ya mpagazi aliyefichwa na mkoloni ni neema, kwa picha ya binti huyu ni hatari. Mpagazi tunataka arudi. Binti tunataka asirudi, maana kuna watu wanaomtafuta. Chombo ni kilekile, kitufe ni kilekile. Tofauti iko katika swali ambalo programu haiwezi kujiuliza: anayefichwa, anafichwa kwa faida ya nani?

Basi anayetaka kumlinda mtu asitegemee namba za programu ya onyesho. Aikate picha yenyewe kabla haijaingia kwenye orodha ya maagizo, ahifadhi nakala iliyokatwa, na ile nzima isisafiri kabisa. Kioo cha fundi kielekezwe mbali na watu. Na kwanza kabisa, binti aulizwe. Ikiwezekana picha yake isitumike, atumike mwigizaji. Hiyo ndiyo kazi ya uigizaji tangu zamani: kumpa mtu uso mwingine ili uso wake upumzike.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha njia ndefu: rula ya mwaka 1886, karatasi nyeusi ya taa ya kioo, kanuni za Sellers, ndege ya Grzimek, hadi kompyuta chini ya mwembe. Katika njia hiyo yote mstatili umekuwa ukiwekwa juu ya duara letu, na walioshika makali wamekuwa wachache. Nimedai kuwa kilichokatwa kwa kawaida hakipotei, kinafunikwa. Kazi ya mhakiki, kwa hiyo, ni kazi mbili zinazopingana. Pale ambapo wananchi walifunikwa ili nchi ionekane tupu, aondoe karatasi nyeusi. Pale ambapo mnyonge amejificha, ahakikishe karatasi haiondoki.

Kwa wahadhiri wetu napendekeza kwamba kozi za uhakiki wa sanaa za maonyesho ziingize usomaji wa picha za kumulikwa, na mwanafunzi afike mpaka kwenye chumba cha fundi, asiishie kwenye kiti cha mtazamaji. Kwa wanafunzi wenzangu wanaokwenda na vikundi mikoani wakati wa likizo, nauliza tu: faili zenu ziko wapi, na nani ana nakala? Na atakayeona kuwa nimemwonea Grzimek au nimempendelea kuku, ukurasa ni wetu sote, ajibu.